Ijumaa Mbale, Sabato Nabugoye: Safari Yetu kwa Wayahudi wa Uganda



Ndugu wasomaji, wazazi wengi wa Kiislamu hapa Kampala wakitaka kuwapeleka watoto katika ziara ya mafunzo huwapeleka Kibuli, au Msikiti wa Taifa pale Old Kampala, au Namugongo walikouawa mashahidi wetu. Ni ziara nzuri na zote tumezifanya. Likizo iliyopita tulichagua njia nyingine. Tulikwenda Mbale, mashariki ya nchi, kuwatembelea Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda.

Jamaa wengine walituuliza: "Kwani Uganda kuna Wayahudi?" Wengine walisema: "Mnakwenda kutafuta nini huko?" Tumeona tuyajibu maswali hayo mawili hapa, kwa faida ya familia nyingine na hasa wanafunzi, maana tuliyoyaona huko yanatuhusu sisi Waislamu wa nchi hii zaidi ya tulivyotarajia.

Kwa nini tulikwenda

Kijana wetu mkubwa anasoma Chuo Kikuu cha Kiislamu Uganda (IUIU), kampasi ya Nkoma, Mbale. Kutoka chuoni kwake hadi kwenye kilima cha Nabugoye, makao makuu ya Abayudaya, ni mwendo mfupi wa bodaboda. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba sokoni Mbale amekutana na vijana wanaovaa kofia ndogo za kisogoni, wanaozungumza Luganda na Lugisu kama watu wengine, na wanaofunga biashara zao siku ya Jumamosi.

Binti yetu mdogo naye alikuwa na lake. Shuleni kwao, mtoto akinyima wenzake maandazi huitwa "Myahudi". Na tangu vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023, yeye kama watoto wetu wote ameona picha ambazo mtoto hapaswi kuziona. Siku moja baada ya darsa la Qur'an alituuliza: "Watu wa Nabii Musa (a.s.) tunaosoma habari zao ndio hawa hawa?" Swali kama hilo likikosa jibu nyumbani, mtoto huenda kulitafuta kwenye simu, na huko kila mtu ni mufti.

Kabla ya kuondoka tulimuuliza imamu wetu kuhusu kuingia katika nyumba ya ibada ya watu wengine. Alitueleza kwamba wanazuoni wamehitilafiana: wako waliochukizwa na jambo hilo na wako walioliruhusu maadamu Mwislamu haingii kushiriki ibada yao. Akatuusia tuende kama wageni wenye adabu, tusali sala zetu kwa wakati wake, na tusibishane. Akatukumbusha aya ya 46 ya Suratul Ankabut, inayotufundisha namna ya kujadiliana na Watu wa Kitabu.

Kakungulu wawili

Mwislamu wa Kampala akisikia jina Kakungulu humkumbuka Prince Badru Kakungulu (1907–1991), mtoto wa Prince Nuhu Mbogo, ambaye ardhi yake pale Kibuli ndiyo iliyojengwa msikiti na shule. Watoto wetu walidhani ndiye tunayemzungumzia. Ikabidi njia nzima tuwatenganishie hawa wawili.

Mwanzilishi wa Abayudaya ni Semei Kakungulu, mtu mwingine kabisa. Alikuwa jemadari wa upande wa Waprotestanti katika vita vya dini vya Buganda, vile ambavyo Kabaka Kalema na Waislamu walishindwa mwaka 1890. Kwa hiyo mtu huyu aliwahi kupigana na Waislamu. Mwaka 1899 alikuwa miongoni mwa walioongoza msako uliomkamata Kabaka Mwanga pamoja na Kabalega wa Bunyoro. Baadaye aliwatekea Waingereza sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda, na mji wa Mbale wenyewe ulianza kama makao yake mwanzoni mwa miaka ya 1900. Alitarajia kufanywa mfalme wa huko. Waingereza walipokwisha kumtumia wakampunguzia madaraka kidogo kidogo, mpaka akaachana na utumishi wao akiwa na uchungu mwingi.

Hapo ndipo alipojitupa katika kusoma. Biblia nzima ilikuwa imekwisha chapishwa kwa Luganda mwaka 1896, naye akashika hasa vile vitabu vitano vya Musa. Kwanza alijiunga na madhehebu ya Wamalaki, Wakristo waliokataa dawa za hospitali na kuiheshimu Jumamosi. Kadiri alivyosoma ndivyo alivyoona amri ya kutahiri ni amri ya Mwenyezi Mungu isiyofutwa. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe. Wenzake wakamwambia kwamba kutahiri ni mambo ya Wayahudi. Inasimuliwa kwamba alijibu: kama ni hivyo, basi na tuwe Wayahudi.

Msomaji wa Kampala ataelewa uzito wa tendo hilo. Katika Buganda ya zamani mwili wa mtu haukukatwa, na aliyetahiriwa alijulikana kuwa Mwislamu. Vijana wa Kiislamu wa ikulu ya Kabaka Muteesa I, waliouawa Namugongo katika miaka ya 1870, kosa lao mojawapo lilikuwa kukataa kula nyama iliyochinjwa na asiyetahiriwa. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiprotestanti, alichukua juu ya mwili wake alama ambayo watu wake waliifahamu kuwa ni ya Waislamu.

Mwaka 1920 hivi alifika kwake Myahudi mmoja mgeni aliyeitwa Yosef, akakaa nao kwa miezi kadhaa akiwafundisha kalenda, sikukuu, namna ya kuchinja na vyakula vilivyokatazwa. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha kurasa zipatazo 90 cha sala na kanuni. Alifariki Novemba 1928. Kaburi lake liko huko huko chini ya Mlima Elgon.

Tukitafakari, hakuna aliyewapelekea watu hawa dini kwa meli, kwa bunduki wala kwa msaada wa unga. Mtu alisoma kitabu, akaamini alichosoma, na wengine wakamfuata.

Njiani

Tuliondoka Kampala baada ya sala ya Alfajiri kwa gari la kukodi. Safari ni zaidi ya kilomita 200. Namawojjolo wachuuzi walituzunguka na kuku wa kuchoma na gonja, tukapita Lugazi na mashamba yake ya miwa, kisha msitu wa Mabira. Jinja tulivuka Mto Nile kwa lile daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018. Baada ya Iganga tulishika barabara ya Tirinyi, tukapita Namutumba, ambako pia kuna Wayahudi wachache wenye sinagogi lao. Mlima Wanale ulipoanza kuonekana kama ukuta juu ya mji wa Mbale tulijua tumefika.

Sala ya Ijumaa tuliisali msikiti wa chuo, Nkoma. Chuo hiki kinastahili kuelezwa kidogo. Wazo lake lilitoka katika mkutano wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore, Pakistan, mwaka 1974, Uganda ilipojiunga na jumuiya hiyo wakati wa Idi Amin. Milango ilifunguliwa mwaka 1988, na tangu mwanzo kimepokea vijana wa Kiislamu na wasio Waislamu. Jina la Amin tulilisikia tena kabla jua halijatua.

Jioni ya Ijumaa

Tulifika Nabugoye alasiri. Ni kilima cha kijani chenye migomba, kahawa na miembe. Juu yake pana sinagogi kubwa lililofunguliwa mwaka 2016, shule, na nyumba ya wageni. Tulikuwa tumeandika barua mapema kuomba ruhusa, na mzee mmoja alitupokea. Alitamka "Shalom", nasi tukajibu "Salaam", na binti yetu akacheka kwa jinsi maneno hayo yalivyofanana.

Alituomba tumalize mambo yote ya pesa kabla ya magharibi, kwa sababu Sabato ikiingia hawashiki fedha, hawawashi moto na hawapigi picha. Akina mama walikuwa mbioni: matoke yamekwisha iva, malewa ya karanga yamefunikwa, na vyungu vimewekwa juu ya sigiri zilizowashwa mapema ili chakula kisipoe. Mama mwenyeji alimwambia mama wa nyumba yetu: "Dada, Ijumaa kwetu ni kama mkesha wa Idi, lakini kila wiki!"

Jua lilipokuwa linatua tulikaa nyuma ya sinagogi kimya. Waliimba kwa Kiebrania na kwa Luganda, kwa magitaa na ngoma, wazee kwa watoto. Nyimbo zao zimevuka mipaka: albamu ya muziki wa Abayudaya iliyotolewa Marekani na Smithsonian Folkways iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy mwaka 2005. Lakini pale hapakuwa na jukwaa wala watazamaji. Palikuwa na watu wa kijiji wakimshukuru Mola wao baada ya wiki ya jembe.

Wakati wa Magharibi ulipoingia tulitoka nje kusali chini ya mwembe. Kijana wetu alitafuta kibla kwa dira ya simu. Kutoka Mbale, Makka iko kaskazini ikiegemea mashariki kidogo. Wayahudi husali wakielekea Yerusalemu, nayo kutoka Mbale iko karibu kaskazini halisi. Tukiweka mistari miwili kwenye ramani tunaona haipishani sana: watu wawili wakisimama pale kilimani, mmoja akaelekea Makka na mwingine Yerusalemu, wanakuwa karibu bega kwa bega. Tuliwakumbusha watoto kwamba Yerusalemu ilikuwa kibla chetu cha kwanza, Mtume (s.a.w.) na Maswahaba wakiielekea mpaka amri ilipokuja kuelekea Al-Kaaba.

Chakula cha usiku kilianza kwa dua juu ya mkate na juu ya kikombe. Mwenyeji alitunong'oneza mapema kwamba kikombe kile ni mvinyo, hivyo kitupite, na watoto wetu wakaletewa maji ya matunda. Adabu hiyo ilitugusa. Walikuwa wamefikiri juu ya dini yetu kabla hatujafika.

Kisha akaleta kuku, akatutania: "Uganda nzima inakula nyama mliyochinja nyinyi Waislamu. Sisi peke yetu ndio tunaojichinjia. Je, leo mtakula ya kwetu?" Watoto wakatutazama. Tuliwaambia hukumu yake imo katika aya ya 5 ya Suratul Maida, inayotuhalalishia chakula cha waliopewa Kitabu. Tukasema Bismillahi, tukala.

Walivyoishi wakati wa Amin

Baada ya chakula mzee alisimulia, nasi tunaandika hapa kama tulivyosikia pamoja na yale ambayo historia inayajua.

Idi Amin alitawala tangu Januari 1971 hadi Aprili 1979. Mwanzoni alikuwa rafiki wa Israel. Mwaka 1972 alivunja urafiki huo na kuwafukuza Waisraeli nchini. Wakulima wa Nabugoye hawakuwa Waisraeli, na wengi wao hawakuwahi kumwona hata mmoja, lakini adhabu ikawafikia. Ibada yao ilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Inakadiriwa walikuwa kama 3,000. Amin alipoondoka walibaki kama 300. Wengine wote walikuwa wamekwenda Ukristo au Uislamu, wengi wao kwa hofu. Waliobaki waliomba vyumbani, madirisha yamefungwa.

Alipofika hapo mzee alinyamaza kidogo, labda kwa kutuheshimu. Kisha akasema: "Katika ukoo wangu wako Waislamu wa wakati huo. Ni ndugu zangu na tunazikana. Lakini mmoja aliniambia, 'Mimi nilisilimu kwa sababu ya bunduki, imani ilikuja baadaye.'"

Wakati wa kulala binti yetu aliuliza tulilokuwa tunalisubiri: "Amin alikuwa Mwislamu. Alifanya vile kwa ajili ya Uislamu?"

Hili ndilo jambo lililotufanya tuandike makala hii. Katika nyumba zetu Kampala, Amin husimuliwa kwa namna mbili. Wengine humtaja kwa wema, kwa sababu Baraza Kuu la Waislamu Uganda lilianzishwa wakati wake, mwaka 1972, na ardhi ya Old Kampala ilipatikana wakati wake, hata kama msikiti wenyewe ulikamilika miaka mingi baadaye kwa msaada wa Libya. Wengine humtaja kwa machozi, maana miongoni mwa waliouawa wako Waislamu wengi pia. Watoto wetu wanastahili kusikia yote.

Tulimjibu hivi. Uislamu una kauli yake juu ya kulazimisha watu dini, na iko wazi katika aya ya 256 ya Suratul Baqara: kulazimishana hakuna. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliandikiana mkataba na makabila ya mji, na Wayahudi wakabaki na dini yao kama Waislamu walivyobaki na yao. Jeneza la Myahudi lilipita mbele yake akasimama, na alipoulizwa, alijibu kwa kuuliza kama huyo hakuwa nafsi. Mtawala anayefunga nyumba ya ibada ya wakulima 3,000 kwa sababu ya ugomvi wake na serikali ya mbali hana hoja katika hayo. Jina lake likiwa la Kiislamu halibadilishi hukumu ya kitendo.

Tukamweleza pia habari iliyo karibu na kwetu. Mwaka 1976 ndege ya Air France ilitekwa nyara na kuletwa Entebbe. Makomando wa Israel walipokuja kuwaokoa mateka usiku wa kuamkia Julai 4, bibi mmoja wa miaka 74, Dora Bloch, hakuwepo uwanjani. Alikuwa amelazwa Mulago, hospitali ile ile tunayokwenda sisi. Alitolewa kitandani na watu wa Amin akauawa. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1979 na kuzikwa Yerusalemu. Kumwua mgonjwa, kikongwe, mgeni: hakuna mlango wowote wa fiqhi utakaopitisha jambo hilo.

Upande wa pili wa hofu

Lakini kuna sehemu ya pili ambayo mzee mwenyewe alituongezea, nasi tukashukuru. Kampala ilitekwa na majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo hiyo ilikuwa mwanzo wa Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka Nabii Musa (a.s.) alivyowatoa Wana wa Israil mikononi mwa Firauni. Kwa Abayudaya ilikuwa kana kwamba kisa kimetokea upya mbele ya macho yao.

Kwa Waislamu wengi, siku hizo hizo zilikuwa mwanzo wa mtihani. Watu walitafuta wa kulipa kwa dhambi za Amin, wakamwona Mwislamu aliye karibu. Huko Bushenyi, magharibi ya nchi, Waislamu wengi waliuawa mwaka 1979, wanawake na watoto wakiwemo, na mali zao zikaporwa. Wako waliobadilisha majina. Wako waliovua kanzu na kofia ili wapite barabarani salama.

Kwa hiyo katika nchi hii moja, kabla ya mwaka 1979 Myahudi alificha kofia yake, na baada ya hapo Mwislamu akaficha ya kwake. Wote wawili waliadhibiwa kwa jambo ambalo hawakulifanya, kwa sababu tu walihesabiwa kuwa wa fulani. Qur'an inarudia mara kadhaa kwamba mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Sisi tuliobebeshwa mzigo wa Amin tunaijua aya hiyo kwa mifupa yetu.

Na hapa ndipo tunaposema na watoto juu ya Gaza. Tunawalilia watu wa Gaza, tunawaombea katika kila sala, na hatutaacha kusema kwamba kuua watoto ni dhulma. Lakini yule mama aliyefunika vyungu vya malewa Ijumaa jioni hana kombora, wala serikali ya Israel haimwulizi ushauri. Hata kutambuliwa kuwa Myahudi ni shida: mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel ilikataa kumtambua kijana mmoja wa Abayudaya. Aya ya 8 ya Suratul Maida inatuonya kwamba kuchukia watu kusitufanye tuache uadilifu. Aya hiyo haikuteremshwa kwa siku rahisi.

Kahawa ya majirani

Jumapili asubuhi, Sabato ilipokwisha toka, tulitembezwa mashambani. Huku ni nchi ya kahawa ya arabika, ile ya miteremko ya Elgon. Mkulima mmoja wa Nabugoye, J. J. Keki, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, na asubuhi ile alikuwa akielekea kuyatembelea majengo yale mawili. Aliyaona yakishambuliwa kwa macho yake. Mtu mwingine angerudi nyumbani na chuki dhidi ya Waislamu. Yeye alirudi, na mwaka 2004 akagonga milango ya majirani zake Waislamu na Wakristo, wakaanzisha pamoja chama cha ushirika kilichoitwa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Uongozi waliugawana watu wa dini zote tatu, na kahawa yao ikauzwa Marekani kwa bei bora kuliko ya walanguzi.

Tulipenda jambo moja hasa: hawakukutana kujadili dini ya nani ni sahihi. Walikutana juu ya mzani wa kahawa, ambapo kila mmoja anataka kilo zake zihesabiwe kwa haki. Uadilifu wa mzani ni ibada katika dini zote tatu, na sisi tuna sura nzima inayowaonya wapunjaji.

Kiongozi wao wa dini, Rabi Gershom Sizomu, alisomea Marekani na kupata shahada ya urabi mwaka 2008. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho North, akatumikia hadi 2021. Wayahudi ni wachache mno katika jimbo lile. Waliompa kura walikuwa Wakristo na Waislamu.

Kwa wazazi na wanafunzi

Familia itakayopenda kwenda, tunashauri haya machache. Andikeni kwanza kuomba ruhusa, kwani ni kijiji cha watu, si bustani ya wanyama. Vaeni mavazi ya heshima, jambo ambalo kwetu si zito. Siku ya Sabato wekeni simu na kamera ndani, na malipo yafanyeni kabla ya Ijumaa magharibi. Waelezeni watoto mapema habari ya mvinyo. Sala zenu zisalini bila kuona haya, wenyeji wataheshimu.

Wanafunzi mnaweza kubeba maswali ya kufanyia utafiti. Kwa nini kalenda yao huongezwa mwezi wa kumi na tatu katika baadhi ya miaka, na yetu haiongezwi? Kwa nini tunasema sadaka na wao wanasema tsedaka? Saumu yetu ya Ashura ina uhusiano gani na Wayahudi wa Madina waliofunga kwa kumkumbuka Nabii Musa (a.s.)? Tofauti pia ziandikwe bila kuogopa: sisi tunamwamini Nabii Isa (a.s.) na Mtume Muhammad (s.a.w.), wao hawawaamini, na hilo si dogo. Kumjua jirani hakudai tuipunguze imani yetu.

Wazee wetu Namugongo walikufa kwa kukataa kipande cha nyama. Wazee wa Nabugoye waliomba vyumbani kwa minong'ono kwa miaka. Anayejua thamani ya shahada yake hawezi kufurahi mwingine akinyang'anywa ya kwake kwa bunduki. Na neno lile la uwanjani, tunawaomba wazazi wenzetu tulikataze majumbani mwetu. Mtoto akinyima wenzake maandazi, aambiwe ni mchoyo. Lugha yetu ina neno hilo tayari.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waadilifu kwa wa karibu na wa mbali, awanusuru wanaodhulumiwa popote walipo, na aidumishe amani katika nchi yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.